Mwenzi wa Nyumba Alazwapo Hospitalini

Tumeombwa tuzungumze habari ya kuuguza. Wala si kuuguza kwa wauguzi, ambao wamefundishwa kazi hiyo miaka mingi na kuifanyia mtihani, bali kazi ya yule aliye nje ya wodi: mume ambaye mkewe amelazwa, au mke ambaye mumewe amelazwa. Mkononi ana kikapu cha uji, nyumbani ana watoto, kazi yake yamngoja, na moyoni ana hofu asiyoweza kumweleza mtu. Katika vitabu vya afya vilivyomo shuleni kwetu, habari za mgonjwa ni nyingi, na za mtu huyu ni chache sana.

Sisi tuliuguliwa. Nyumba yetu i katika chuo cha ualimu, mahali pa mlimani penye baridi. Baba wa nyumba hufundisha chuoni, na mama wa nyumba hufundisha watoto wadogo katika shule ya jirani. Mama huyo alilazwa majuma 5, akatumia dawa miezi 6. Tusemapo "sisi" katika mazungumzo haya, maana yake ni baba na watoto, na bibi yao mzaa mama aliyekuja kukaa nasi. Na mahali pengine ni majirani pia, kwa kuwa ilifika siku hatukuweza tena kutenga ipi ni kazi ya nani.

Ulianza kwa kikohozi, baada ya mvua za vuli. Wengine walisema ni mafua, wengine wakasema ni vumbi la chaki. Pana zahanati moja aliyoiendea mara 3, na mara zote 3 alipewa dawa ya malaria pasipo kuulizwa amekohoa siku ngapi. Kanuni ya waganga ni nyepesi kabisa, hata mtoto wa darasa la tatu aweza kuishika: mtu akikohoa majuma 2 au zaidi, makohozi yake na yapimwe. Hata mwezi wa pili ukaingia, naye akawa akilowa jasho usiku, nguo zikamlegea, na akipanda kile kilima cha shuleni husimama njiani mara 2 kuvuta pumzi. Siku aliposhindwa kukifika kilele tulimpeleka hospitali kubwa kwa gari la mtu aliyekuwa akichukua viazi sokoni. Upande wa kushoto wa kifua ulikuwa umejaa maji. Jioni ile ile daktari akayatoa kwa sindano na mpira. Yalikuwa ya rangi ya majani makavu, yakapita lita moja. Siku ya pili makohozi yalipimwa kwa mashine itoayo jibu kwa muda wa saa 2 hivi, tukaambiwa jina la ugonjwa: kifua kikuu.

Wasikilizaji wetu, jina hilo lina uzito wake. Wazee wa Kilimanjaro wakumbuka habari za Kibong'oto, hospitali iliyoanza mwaka 1926 kwa ajili ya ugonjwa huu. Siku zile haikuwapo dawa yo yote ya kuua vijidudu ambavyo Robert Koch alivitangaza kule Berlin mwaka 1882. Mgonjwa alipewa hewa safi, chakula na kupumzika, akangoja. Wengine walirudi makwao, na wengi hawakurudi. Dawa ya kwanza iliyokuwa na nguvu juu yake, streptomaisini, ilivumbuliwa mwaka 1943 huko Marekani, na nyingine zikafuata. Mwaka 1977 Tanzania ilianza mpango wa nchi nzima wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, ikisaidiwa na daktari mmoja Mcheki, Karel Styblo, ambaye mwenyewe aliupata ugonjwa huu katika kambi ya wafungwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mpango huo ulitengenezwa vizuri hata katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likauchukua kuwa mfano kwa mataifa mengine. Twataja habari hizi kwa sababu watu waliofika kutupa pole walinena kana kwamba bado tu katika mwaka 1926. Mgonjwa wetu alikuwa hai, yu kitandani amesikia jina la ugonjwa wake, na wao wakawa wakimwonea huruma ya maiti.

Basi jambo la kwanza lililotupasa ni kuamua: je, tuseme au tufiche? Bibi yao watoto alitaka tuseme ni nimonia. Hofu yake haikuwa ya bure. Aghalabu watu wakisikia kifua kikuu hunong'ona kwamba ni UKIMWI. Ni kweli kwamba kila mwenye kifua kikuu hupimwa na virusi hivyo, kwa kuwa magonjwa hayo mawili hupenda kufuatana. Lakini wako wengi wenye hili wasio na lile, na mwenye yote mawili ana dawa za yote mawili. Tulipomwuliza mgonjwa mwenyewe, akajibu kwa sauti ndogo, "Waambieni. Nimefundisha watoto wao, wawapeleke wakapimwe." Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa alilitangaza jina la ugonjwa mbele ya watu wote kwa ruhusa yake, akaongeza maneno ya daktari: kwamba ugonjwa huu huenea kwa hewa mtu akohoapo, wala hauenei kwa sahani wala kwa kushikana mikono, na kwamba mgonjwa akitumia dawa ipasavyo, kwa kawaida baada ya majuma 2 hivi hatari ya kuwaambukiza wengine imepungua sana. Baada ya ibada watu 6 walibaki wakisema nao wanakohoa siku nyingi. Mmoja wao alionekana anao ugonjwa.

Sasa tuseme habari ya kazi yenyewe. Mwalimu ni mtu wa daftari, nasi tulifungua daftari siku ya kwanza. Ndani yake tuliandika dawa zilizotolewa na saa zake, joto la mwili tuliloambiwa, chakula alichokula na alichokiacha, na hasa maswali. Daktari wa wodi ana wagonjwa wengi na dakika chache. Ukimngoja ukiwa na hofu tu, atapita nawe utabaki na hofu yako. Ukiwa na maswali 3 yaliyoandikwa, atasimama akayajibu. Maswali yetu yalikuwa ya namna hii: Je, maji yaweza kurudi? Mbona mkojo umekuwa mwekundu? Mbona viungo vyamwuma usiku? La mkojo lilikuwa limemtisha mgonjwa hata akataka kuacha dawa, akidhani anatoka damu. Kumbe ni rangi ya rifampisini, moja ya dawa zile 4 za miezi 2 ya kwanza; si damu wala si madhara. Neno moja la muuguzi liliondoa hofu ya siku 3. Ila ilibidi mtu aulize.

Chakula nacho ni kazi. Mwenye kifua kikuu hana hamu ya kula, na dawa za asubuhi zaweza kumchafua tumbo. Watu walileta vyakula vya karamu: pilau, nyama ya kukaanga, ndizi zenye mafuta mengi, naye alivitazama akageuza uso. Alichoweza kula ni uji mwembamba wenye karanga zilizosagwa, yai moja, parachichi, mchuzi wa dagaa, kidogo kidogo mara nyingi. Twawaomba wasikilizaji, kabla ya kupika mwulizeni mgonjwa. Na kabla ya kukaa juu ya kitanda chake, tazameni kama pana kiti. Wapo wageni waliomkalia miguu saa nzima wakimhadithia habari za jamaa zao waliokufa kwa kifua, kila mmoja na jinsi alivyokufa.

Liko jambo ambalo mama wa nyumba mwenyewe alitufundisha. Sisi tulidhani wema ni kumwondolea kila shughuli, kwa hiyo kila alipouliza habari za nyumbani tulijibu, "Yote salama, wewe pumzika." Juma la pili akanyamaza, haulizi tena. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alituita kando akatuambia kwamba mgonjwa huyu hapungukiwi na dawa bali na kazi. Siku iliyofuata tulimwambia kweli: kwamba mbuzi amezaa, kwamba mtoto wa pili amekataa kwenda shule, kwamba mbegu za mahindi hatujui zilipowekwa. Akainuka akaegemea mto. Akaomba karatasi. Tangu siku hiyo kila jioni tulirudi nyumbani na karatasi yenye amri zake: mbegu zimo katika mtungi nyuma ya mlango; mtoto asipigwe, apelekwe shule na dada yake; koti la baba limeraruka kiwiko, lisivaliwe darasani. Karatasi hizo tunazo mpaka leo. Ukizitazama kwa mfululizo waona mwandiko ukikomaa siku hata siku, mistari ikinyooka.

Na imani je? Watu wengi hudhani imani nyumbani mwa mgonjwa ni kitu cha utulivu, kama taa iwakayo pasipo upepo. Kwetu haikuwa hivyo. Zilikuwako siku tuliomba kwa maneno mengi, na siku nyingine tulikaa kando ya kitanda hatuna neno hata moja. Juma la tatu maji yalirudi tena kifuani, naye usiku ule akasema, "Nimechoka kuombewa. Nishikeni mkono tu." Tukamshika mkono mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipolia. Hatukuona kwamba huko ni kupungukiwa na imani.

Jaribu kubwa lilitokea siku chache baadaye. Alifika mhubiri mmoja, si wa kanisa letu, akipita katika wodi kuwaombea wagonjwa. Aliomba vizuri, kwa sauti ya upole. Kisha akamwinamia mgonjwa wetu akamwambia kwamba dawa na imani havikai katika tumbo moja. Akiamini kweli ameponywa, asimeze tena vidonge. Bibi yao alikuwapo, na maneno yale yalimwingia. Alikuwa amechoka kumwona binti yake akitapika kila asubuhi. Akatuita nje, akasema, "Mwalimu, mwanangu ameteswa vya kutosha na dawa hizi. Tumrudishe nyumbani, tumwachie Mungu."

Tulimjibu kwa heshima, "Mama, twaomba utupe siku moja." Hatukutaka kubishana na mzazi, wala hatukutaka kumwacha mgonjwa akiwa katikati ya sauti mbili. Jioni tulimleta mzee wa kanisa, mtu wa miaka zaidi ya 70, ambaye ujana wake alikuwa fundi seremala. Hakumlaumu mhubiri. Aliketi na bibi, akamkumbusha habari iliyo katika Injili ya Marko, ya mtu mwenye kupooza aliyechukuliwa na watu 4, ambao walipoona mlango umezibwa na watu walipanda juu wakatoboa paa, wakamteremsha na kitanda chake. "Mama," akasema, "wale watu walikuwa na imani, tena walikuwa na kamba. Hawakumwacha barazani wakisema imani yatosha. Mimi ni seremala, nimeifikiri kazi ile: kufungua paa la mtu na kumteremsha mgonjwa pasipo kumwangusha si jambo la kuwaza tu. Vidonge hivi ndivyo kamba yetu. Ukiikata katikati, ataanguka." Kisha akaenda kitandani, akaomba, vidonge vimo katika kiganja chake, akamkabidhi bibi kimoja kimoja, na bibi kwa mkono wake mwenyewe akampa binti yake. Tangu hapo bibi ndiye aliyekuwa mlinzi wa dawa, mkali kuliko muuguzi.

Twayasema haya kwa wazi kwa sababu hatari yake ni kubwa. Mtu akiacha dawa ya kifua kikuu katikati, aweza kuona nafuu mwezi mmoja, kisha vijidudu vilivyosalia hurudi. Na huenda vimekwisha kuizoea dawa ile, hata isiviue tena. Hapo huhitajiwa dawa nyingine, zenye taabu zaidi, na nyumba nzima huingia hatarini. Anayemwambia mgonjwa aache vidonge hachezi na roho moja.

Tukiingia katika habari ya watu wa kutusaidia, twapenda kusema kwanza neno ambalo huenda litawachoma wengine. Katika nchi yetu hatukosi kuchangiana. Ikiwa ni harusi, kamati hukutana, kadi hugawanywa, na mtu asiyetoa huona haya kupita njiani. Ikiwa ni mazishi, kabla ya saa 24 pana turubai, pana sufuria kubwa, pana fedha za jeneza. Lakini baina ya harusi na mazishi yako majuma na miezi ya ugonjwa, na hapo mfuko wa jumuiya huwa umefungwa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure na Serikali, ni kweli. Lakini nauli haitolewi bure, wala mayai, wala sabuni, wala picha za kifua, wala mshahara wa siku alizokosa kibarua kwa kukaa na mkewe. Sisi ni watu wa mshahara, walakini mwezi wa kwanza ulitumaliza. Yule kibarua wa bustani aliyelaza mkewe katika wodi ile ile alikuwa akitembea maili 9 kwenda na 9 kurudi.

Akina mama wa kanisa waliliona jambo hili kabla ya wanaume. Hawakuitisha mkutano mkubwa. Mwenyekiti wao aliandika majina 14 katika karatasi, akayagawa katika siku za juma: huyu uji wa Jumatatu, huyu kufua nguo Jumanne, huyu kulala na watoto usiku wa Jumatano. Jirani yetu mmoja, bibi Mwislamu mwenye duka dogo, alipoiona karatasi alikasirika kwa kuwa jina lake halimo. "Kwani kumzuru mgonjwa ni sunna ya Wakristo peke yao?" akauliza. Akapewa Ijumaa, na uji wake wa mtama wenye iliki ndio mgonjwa aliousifu kuliko wote. Wanafunzi wa chuo walichota maji na kupasua kuni. Mwalimu mwenzetu alishika vipindi vyetu vya hesabu majuma 5, pasipo hata siku moja kutukumbusha kwamba anavishika. Na huo, kwa maoni yetu, ndio msaada ulio mgumu kuutoa.

Wapo pia walioogopa. Rafiki mmoja wa miaka mingi alifika mpaka mlango wa wodi, akapunga mkono, akaondoka. Mgonjwa alipunga naye, akatuambia tusimsimange, maana amekuja mpaka pale alipoweza.

Alirudi nyumbani mwisho wa juma la 5. Alipolazwa alikuwa na kilo 43; alipotoka alikuwa na 46, na mwisho wa miezi 6 akafika 54. Daktari alitaka jina la mtu wa nyumbani atakayemwona kwa macho akimeza dawa kila siku. Bibi akajitaja kabla hatujafungua kinywa. Kila asubuhi saa 12 alisimama na bilauri ya maji, na baada ya kumeza alitia alama katika kadi. Madirisha, ambayo kwa sababu ya baridi ya mlimani tulizoea kuyaziba, yalifunguliwa mchana kutwa, kwa kuwa hewa ipitayo huvichukua vijidudu. Sisi sote tulipimwa. Na mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa hajatimiza miaka 5, hakuonekana kuwa na ugonjwa, akapewa dawa ya kinga. Makohozi ya mama yalipimwa tena mwisho wa mwezi wa 2, na wa 5, na wa 6. Mara zote 3 hayakuwa na kijidudu.

Mwezi wa 3 ndio uliokuwa mgumu, kinyume cha tulivyotazamia. Alikuwa amepata nguvu, kikohozi kimekwisha, na vidonge vimepunguzwa kutoka aina 4 kuwa 2. Wageni walikwisha kurudi makwao, wakijua kwamba amepona. Hapo ndipo aliposema mara nyingi, "Leo nipumzike." Mtu aliyepata nafuu haoni sababu ya kumeza. Kama si bibi na bilauri yake, na kadi ile yenye alama ambazo watoto walikuwa wakizihesabu kila Jumamosi kwa sauti kama wimbo wa shule, hatujui tungefikaje mwezi wa 6. Basi mwenye rafiki aliyetoka hospitalini asidhani kazi yake imekwisha mlangoni pa wodi. Na ahesabu miezi 3, ndipo aende kumtazama.

Alirudi darasani muhula uliofuata. Siku ya kwanza alipanda kile kilima cha shuleni polepole, watoto wawili wakimchukulia mfuko wa vitabu, akasimama njiani mara moja tu, tena kwa ajili ya kuamkiana na watu.

Ile karatasi ya akina mama yenye majina 14 haikuchanwa. Sasa yazunguka katika nyumba ya fundi cherehani aliyevunjika paja kwa ajali ya pikipiki, na majina yamekuwa 21. Jina la mama wa nyumba yetu limeandikwa Jumatano, la kufua nguo. Kesho ni Jumatano, na sabuni imekwisha nunuliwa.